Tupeane uzoefu: Ajira mpya, chumba kimejaa mizigo, muda hautoshi

Mdau wa Isyesye:
Wakuu, habari za jioni.

Naona vijana wengi wanaripoti vituo vipya huku Nyanda za Juu Kusini, wengine Mbeya mjini, wengine Rungwe, Makete, Mufindi. Mimi nilihamia Mbeya kutoka Dodoma kwa kazi ya uhasibu serikalini, na miezi ya mwanzo kazi yenyewe haikunitesa kama asubuhi. Tunaanza saa 1:30. Mwezi wa saba alfajiri baridi imeshika, maji ya kwenye ndoo huwezi kuyagusa, na wewe unapekua mabegi ukitafuta soksi ya pili. Ukichelewa kutoka unakutana na foleni ya barabara kuu, malori ya Tunduma na daladala za Uyole vyote vinagombania njia moja.

Kilichonisaidia ni kupunguza vitu. Jumamosi moja nilitoa kila kitu kibarazani, nikawa narudisha ndani kimoja kimoja kwa swali moja tu: hiki nitakishika wiki hii? Mashati mepesi ya Dodoma, madaftari ya chuo, feni, vyombo vya kulishia wageni kumi wakati nakaa peke yangu, vyote vikabaki nje. Feni ilipata mteja wa Kyela haraka sana, kule joto lipo. Nyuma ya mlango nikapiga misumari: mmoja wa funguo na kitambulisho, mmoja wa mwavuli, mmoja wa nguo za kesho zikiwa zimeshanyooshwa. Pasi napiga Jumapili jioni kwa wiki nzima, umeme ukikatika katikati ya wiki haunigusi.

Siku hizi chai ya asubuhi nakunywa nimekaa. Naamini kabisa muda mwingi tunaosema umeliwa na kazi umepotelea nyumbani, kwa kuhangaika na vitu. Wewe ulifanyaje? Leta ulichofanya mwenyewe, nadharia tumezisikia za kutosha.

Ticha wa Makete:
Mkuu, umegusa penyewe. Mimi nimepangiwa shule ya kijijini, na nyumba ya mwalimu nimeikuta na vitu vya walimu walionitangulia: godoro lililotafunwa na panya, maboksi ya mitihani ya zamani, meza iliyovunjika mguu. Kutupa unaona vibaya kwa kuwa si vyako, na wakati huohuo unapishana navyo kila siku. Nilimwandikia mkuu wa shule. Karatasi zikapitiwa, zisizohitajika zikachomwa, meza ikaenda kwa fundi. Mali ya shule usiitoe kienyeji hata kama ni takataka, andika kwanza.

Upande wa muda, maandalio ya masomo nayaandika ya wiki nzima Jumamosi asubuhi. PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, najaza mtandao ukiwa na nguvu, silimbikizi hadi mwisho wa mwezi. Ila kuna kitu hukipunguzi, nacho ni misiba. Mgeni kijijini usipoonekana msibani, wazazi watakuaminije na watoto wao? Kwa hiyo ratiba yangu ina alasiri mbili kwa wiki ambazo sizipangii kitu. Kukiwa na msiba naenda bila moyo kugawanyika, kusipokuwepo nasahihisha madaftari.

Nesi wa Tukuyu:
Kaka zangu, nyie mnaongelea mashati ya ofisini. Njooni Rungwe kipindi cha mvua muone sare nyeupe inavyoshinda kambani na kulala kambani, na bado ukiishika ina unyevu. Ukiwa na shifti ya usiku na mtoto mdogo, kufua ndiko kunakomaliza muda.

Mimi nguo za nyumbani nimepunguza, sare nimeongeza. Zilizombana mtoto nimempa wifi yangu, hazikai tena kwenye begi zikisubiri mdogo wake atakayekuja sijui lini. Sare inafuliwa siku ileile niliyoivua. Nikishaikamua natandaza taulo kavu sakafuni, nailaza sare juu yake, nakunja vyote pamoja kama mkeka, kisha nakanyaga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Taulo linanyonya maji mengi ajabu. Inalala kambani ndani ya nyumba, asubuhi pasi inamalizia.

Na hili nalisema kwa uchungu wa kazi yangu: msianike nguo juu ya jiko la mkaa kwenye chumba mlichofunga madirisha kwa sababu ya baridi. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, inamkuta mtu usingizini na haamki. Jiko lilale nje, hata kama mkaa umebaki kidogo tu chini ya majivu.

Mwana Usangu:
Na sisi wa magunia je? Nipo Mbeya mjini, benki. Mavuno ya Usangu yakifika nanunua mpunga nauweka ndani nasubiri bei. Chumba cha pili chote ni magunia. Hayo siyaondoi, ndiyo ada ya mdogo wangu.

Mdau wa Isyesye:
Mkuu, mpunga ni mtaji, sikwambii uuze. Ila hicho chumba cha pili unakilipia kodi, na panya akishaonja gunia anahamia kwenye nguo. Wenye mashine za kukoboa wengi wana ghala, mnakubaliana ada kwa gunia. Pigia hesabu hilo kabla ya msimu ujao.

Kihesa Kwetu:
Kamwene wadau. Natofautiana kidogo na mleta mada. Chumba changu hapa Iringa kilikuwa na godoro, begi na jiko la gesi, basi. Muda bado haukutosha, kwa sababu tatizo lilikuwa kazini. Kampuni binafsi, jina siliweki. Tunaingia saa 1 asubuhi, tunatoka saa 2 usiku, Jumamosi ipo, na kundi la WhatsApp linashusha maagizo hadi watu wamelala. Hapo upange kabati namna gani?

Wenye ajira mpya sekta binafsi mjue hili. Kwa mfanyakazi wa kawaida, si meneja, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Zinazozidi lazima mkubaliane, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya kupumzika saa nzima. Nilianza kuandika kwenye daftari muda wa kuingia na kutoka, kila siku bila kuruka, ndipo nikaenda kwa msimamizi kwa heshima, daftari mkononi. Jumamosi ikawa ya zamu. Maagizo ya usiku yapo, ila nayajibu asubuhi na hakuna kilichoharibika.

Nesi wa Tukuyu:
Asante sana kaka wa Kihesa. Wadogo zetu wengi hawalijui hili.

Naripoti Njombe:
Shikamooni wakubwa. Naripoti Njombe Jumatatu ijayo, ajira ya kwanza, natokea Tanga. Nina kitanda, kabati na sofa dogo. Nibebe?

Ticha wa Makete:
Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Kitanda acha, kabati acha, sofa mwachie ndugu. Huku mbao ndiyo kwao, kuanzia Mafinga utaziona zimepangwa kando ya barabara, na fundi wa Njombe atakuchongea kitanda wakati wewe unazoea mji. Beba blanketi nzito, masweta na viatu vya kufunika. Vyeti halisi na nakala zake viwe kwenye bahasha unayoshika mkononi, usivitie kwenye buti la basi.

Fika Ijumaa kama unaweza. Jumamosi utafute chumba mchana, uone ukuta kama una unyevu na dirisha kama linafunga vizuri. Na kabla hujatoa kodi, muulize mwenye nyumba maji yanatoka siku gani.