VMDK kwenda KVM: nibadilishe iwe qcow2 au raw?

Chumbageni_IT
Wakuu, salaam. Nina mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya nyingine) ya Windows Server kwenye VMware, diski GB 120, iliyojaa ni GB 45 hivi. Inahamia seva ya KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe) iliyoko Ngamiani. Faili la diski yake, .vmdk, linagoma kunakiliwa kwenye flashi ilhali nafasi ipo tele. Halafu, huko KVM diski niiweke kwa fomati ya qcow2 au raw? Umeme ukikatika ghafla, ipi inastahimili?

Barabara_ya_12
Flashi hiyo imefomatiwa FAT32, haipokei faili la kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, uifomati exFAT.

Kabla ya kunakili, zima Windows kabisa, usiisimamishe tu (suspend). Kisha angalia folda: ukiona majina yenye -000001.vmdk, kuna snapshoti (kumbukumbu ya hali ya mashine ya wakati fulani), na data mpya imo humo. Ukibeba faili la msingi peke yake utawasha mashine ya zamani. Futa snapshoti kwanza ndani ya VMware ili ziunganishwe. Tena, .vmdk ya KB chache ni maelezo tu. Data iko kwenye -flat.vmdk au -s001.vmdk na wenzake. Beba yote, usibadili majina. Ukifika, igeuze kwa amri hii:

qemu-img convert -p -f vmdk -O qcow2 seva.vmdk seva.qcow2

Raw ina kasi kidogo, lakini haina snapshoti za ndani, na ukiinakili ovyo inavimba hadi GB 120 zote. Mimi ningeweka qcow2.

mwana_pangani
Naongezea kwa mkuu hapo juu. Ukiiwasha moja kwa moja kwenye virtio (aina ya diski pepe ya KVM yenye kasi), Windows itakwama na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE kwa kukosa draiva. Diski kuu ianze kama SATA, uongeze diski ya pili ya virtio ya GB 1, usakinishe draiva kutoka ISO ya virtio-win, uzime, ndipo diski kuu uihamishie virtio. Kama ilikuwa inawaka kwa UEFI (badala ya BIOS ya zamani), ibaki UEFI.

Kuhusu umeme: Hakuna fomati inayookoa data ambayo bado haijafika diskini. Kwenye mipangilio ya diski usiweke cache=unsafe, tumia cache=none, na UPS iwepo.

Chumbageni_IT
Nimeona -000002 kwenye folda! Naunganisha kwanza. Ile .vmdk ya zamani niifute lini?

Barabara_ya_12
Usiiguse mpaka amri ya qemu-img compare, kabla hujaiwasha mpya, iseme zinafanana, na watumiaji wamefanya kazi wiki nzima kwenye mpya.