Kalkulasi ya Newton ilikuwa na ufa: je, kanuni za fizikia nazo ziliyumba?

Wakuu, mjadala uko wazi. Kuna hoja inayorudi kila historia ya fizikia inapoguswa: kwamba kalkulasi (hesabu ya kasi ya mabadiliko) ya Newton na Leibniz haikuwa na msingi thabiti hadi karne ya 19, kwa hiyo kanuni zilizoegemea juu yake, hasa ile ya uvutano ya 1687, zilikubaliwa bila uthibitisho. Nusu ya kwanza naikubali. Ya pili naipinga.

Ufa ulikuwepo, tusiufiche. Tafuta kasi ya kubadilika kwa x² kama walivyofanya wao: ongeza kwenye x kiasi kidogo mno, o. Unapata x² + 2xo + o². Toa x², gawanya kwa o, inabaki 2x + o. Kisha o inatupwa, jibu 2x. Askofu George Berkeley alihoji mwaka 1734: kama o ni sifuri, umegawanyaje? Kama si sifuri, umeitupa kwa ruhusa ya nani? Swali halali, na lilisubiri wanahisabati Cauchy na Weierstrass karne iliyofuata ndipo likajibiwa kikamilifu.

Ila Berkeley hakukataa kwamba 2x ni sahihi. Aligombana na njia, si jibu. Na kanuni ya maumbile hupimwa pia kwa kinachoonekana angani.

Chukueni kisa cha Clairaut, mwanahisabati Mfaransa. Sehemu ya njia ya Mwezi iliyo mbali zaidi na Dunia nayo huhama polepole, ikimaliza duru kwa karibu miaka 9. Mwaka 1747 hesabu ya Clairaut ilimpa miaka 18, yaani nusu tu ya kasi inayoonekana angani, na mwanahisabati mwenzake Euler alikwama hapohapo. Clairaut akatangaza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba kanuni ya Newton inahitaji nyongeza. Mwaka 1749 akaifuta kauli hiyo: alikuwa amekatisha makadirio mapema, na alipoingiza viwango alivyovipuuza, nusu iliyopotea ikapatikana. Kosa halikutoka kwenye o ya Berkeley, na lilisahihishwa kwa kalkulasi ileile. Baadaye yeye, Lalande na Nicole-Reine Lepaute wakakokotoa kwamba nyotamkia ya Halley ingefika karibu kabisa na Jua katikati ya Aprili 1759. Ilifika Machi 13.

Wapinzani wangu wana silaha moja nzito, nayo ni joto. Mwanahisabati Fourier alipoeleza usambaaji wa joto kwa mifululizo isiyo na mwisho (jumla za vipande visivyoisha), hakuna aliyejua kwa uhakika ni lini mifululizo hiyo inaaminika. Hata Cauchy aliteleza hapo mwaka 1821, mwanahisabati Abel akaonyesha mfano unaompinga mwaka 1826. Hapo umakini wa hesabu ulihitajika kweli, na fizikia ndiyo iliyoudai.

Hata hivyo mlinganyo wa joto wa Fourier haukufutwa. Anayeshikilia hoja ile atutajie kanuni moja ya fizikia ya karne ya 18 iliyoanguka kwa sababu Weierstrass aliweka msingi mpya. Mimi sijaiona.