Kupima hali ya afya na maisha ya mtaa mzima, mnaanzia wapi?

mkazi_wa_kona
Wakuu habari zenu. Sisi kikundi cha wakazi tumeamua kupima hali ya mtaa wetu, afya, maji, vyoo, makazi, hewa, ili tukienda kwa wahusika tusiende na malalamiko matupu, twende na namba. Sasa dodoso limeshakuwa kurasa kibao na bado kila mtu anaongeza swali lake. Mmoja anataka tupime vifo vya watoto, mwingine anasema tuanze na kipato. Nyumba nyingi ni za kupanga, chumba kimoja kimoja, ua mmoja. Mliowahi kufanya kazi hii mlipima nini, na mlichaguaje pa kuingia? Maana zote hatuziwezi.

Bi_Takwimu
Ndugu yangu punguzeni hilo dodoso kwanza. Kila swali jiulizeni, jibu likija tutalifanyia nini? Kama hamna jibu futeni.

Kipato usiulize moja kwa moja, wengine hawapendi kusema na wengine hawakijui maana leo kipo kesho hakipo, uliza vinavyoonekana: sakafu ya nini, paa la nini, wanapikia nini, chumba kimoja wanalala wangapi. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wana vigezo 5 vya kuangalia kaya za makazi duni: maji, choo, nafasi ya kutosha, uimara wa nyumba na uhakika wa kutofukuzwa. Kwenye nafasi, wakizidi watu 3 kwa chumba huo ni msongamano. Chukueni hivyo hivyo, mkibuni vya kwenu mtalinganisha na nani?

Vifo vya watoto naomba muviache. Vinauma na ni muhimu sana, ila mtaa mmoja kwa mwaka unaweza kuwa na viwili mwaka huu vitano mwaka ujao na isiwe na maana yoyote kitakwimu, hiyo inahitaji maelfu ya kaya. Ulizeni mtoto aliharisha ndani ya wiki 2 zilizopita au la, mama bado anakumbuka. Halafu pimeni unene wa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi, watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 125 ni utapiamlo, chini ya 115 ni utapiamlo mkali.

fundi_bomba
Mimi niseme kwenye maji tu. Ukiuliza "mna maji?" utaambiwa yapo, basi umeandika ndiyo umeondoka. Uliza jana yalitoka? Kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Na anayechota nje, kwenda, foleni na kurudi inamchukua muda gani? WHO (Shirika la Afya Duniani) na UNICEF wakiona imezidi dakika 30 wanakushusha daraja hata kama chanzo chenyewe ni salama, na mimi nakubaliana nao kabisa, kwa sababu mtu akihangaika hivyo anachota kidogo, na akiwa na kidogo kitu cha kwanza kuacha ni kunawa mikono.

Halafu msiishie bombani, pimeni na ndoo ya ndani. Klorini iliyobaki, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, inatakiwa isipungue miligramu 0.2 kwa lita, bombani mnaweza kuikuta ipo na kwenye ndoo haipo, kinachonywewa ni cha kwenye ndoo.

Choo nacho, hata kiwe kizuri vipi kikichangiwa na kaya nyingine kinahesabiwa daraja la chini. Ulizeni kaya ngapi zinakitumia, na usiku mtoto anaenda wapi.

ramani_kwanza
Kwenye kuchagua, mkuu, usichague nyumba, chagua KAYA. Ua wenye vyumba 10 unaweza kuwa na kaya 10, ukiingia ukaongea na mwenye nyumba peke yake umeandika maisha ya mwenye nyumba, wapangaji hawamo. Tembeeni mtaa mzima mchore ramani, muorodheshe kaya zote kwa namba, halafu mpige kura ya bahati nasibu. Kaya 100 zilizotoka kwa kura zinawapa asilimia yenye kosa la kama 10 juu au chini, 400 linashuka hadi kama 5.

Na mlango uliofungwa usiurukie wa jirani! Rudi jioni, rudi Jumapili. Aliyefunga mara nyingi ndiye anayetoka alfajiri kwenda kazini, ukimruka mtaa wako kwenye karatasi unabaki wa wanaoshinda nyumbani.

Majibu yakija yawekeni kwenye ramani msikimbilie wastani. Daktari John Snow mwaka 1854 kule London aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani, vikaonekana vimejazana kuzunguka pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, wastani wa jiji usingemwonyesha hilo. Ila ramani ya kubandika ukutani isionyeshe mlango wa mgonjwa, hiyo ni siri ya watu.

mkazi_wa_kona
Nashukuru sana, kurasa zimeanza kukatwa. Mawili bado: hewa tunapimaje? Na tukimkuta mtoto yuko chini ya 115, tunaandika tu tunaendelea?

Bi_Takwimu
Hewa, vile vipimo vidogo vya vumbi laini vinafaa kulinganisha barabarani na ndani, jikoni na chumbani. Kiwango cha WHO cha 2021 kwa vumbi hilo (PM2.5) ni wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na wastani wa 5 kwa mwaka. Kukiwa na unyevu mwingi hewani vinasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo asubuhi ya ukungu msiiamini.

Mtoto wa chini ya 115 hapana, hamuendelei. Anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mpange mapema nani anamsindikiza mama. Na kabla ya utepe bonyezeni miguu yote miwili kwa kidole gumba sekunde 3, mkiachia shimo likabaki miguu yote ni utapiamlo mkali huo hata kama utepe unasoma vizuri, anaenda vilevile.