Mbio za makasia mto Thames: nikae wapi na mama mwenye magoti mabovu?

Mama wa Ligula (Mtwara)
Habari za jioni wanajamvi. Mwezi wa nne nitakuwa London kwa mdogo wangu, naongozana na mama yetu. Mtoto wa mdogo wangu anasoma Cambridge, na ameshatununulia skafu za buluu ya maji, kwa hiyo ushabiki tumepangiwa. Anataka twende tukaone wakishindana na Oxford. Huku kwetu vijana wakishindanisha mitumbwi ghubani Mikindani unakaa chini ya mwembe mmoja, unawaona wanapoanza mpaka wanapofika. Huo mto naambiwa una kona na watu hujaa ukingoni. Mama hawezi kusimama muda mrefu. Tukae wapi tuone makasia, tusije tukaishia kuona visogo?

Kijana wa Chuno
Dada, nenda Mortlake, wanapomalizia, karibu na daraja la Chiswick. Mshindi anapatikana pale, mengine yote mbwembwe.

Baharia Mstaafu, Mikindani
Mwanangu, huyo kijana msamehe tu. Mara nyingi mashua zikifika Mortlake moja imeshaiacha nyingine mbali, na mama yako atakuwa amechoshwa bure kuona watu wamelalia makasia wanahema. Nimefanya kazi za meli, na nikiwa nangoja safari nilikuwa napanga chumba Hammersmith, hatua chache kutoka mtoni.

Thames pale London inajaa na kupwa kama bahari yetu. Mbio wanazipanga maji yakiwa yanajaa, ili mkondo uwasukume. Wanaanzia Putney na kupanda na mto kilomita 6.8. Rekodi ya wanaume ni dakika 16 na sekunde 19, waliiweka Cambridge mwaka 1998; kwa kawaida wanachelewa kidogo kuliko hapo. Sasa piga hesabu: popote utakapokaa, mashua zinapita mbele yako kufumba na kufumbua. Tafuta mahali utakapoziona tangu zikija mpaka zikipotea.

Ndiyo maana nakwambia kaa nje ya kona. Mto ukikunja, aliye upande wa ndani anaona kipande kilicho mbele ya pua yake tu. Kona ndefu kuliko zote iko Hammersmith, na upande wake wa ndani ni wa kusini, ule wanaouita Surrey. Wewe kaa kaskazini, Furnivall Gardens. Ni bustani ya wazi, ina nyasi na mabenchi, na mto uko hapo hapo. Daraja la Hammersmith litakuwa kushoto kwako. Mashua zinatokeza chini yake, zinakuja, zinapita, kisha unazisindikiza kwa macho kulia, kuelekea Chiswick.

Na pale ndipo ubishi unapokatwa. Kabla ya mbio wanarusha sarafu kuchagua upande. Aliyepata Surrey ana njia fupi kwenye kona hiyo. Akiwa bado sambamba na mwenzake darajani, wa upande wa pili ana kazi. Mtazame mshika usukani. Ni yeye peke yake anayeona mbele, wale wanane wanavuta wakiwa wamegeuzia mgongo kule wanakokwenda. Wote wanagombea maji ya kina, maana mkondo wenye nguvu uko huko, na nyuma yao mwamuzi anapunga bendera nyeupe na kupiga kelele awatenganishe kabla makasia hayajagongana. Nahodha yeyote wa Msangamkuu angeielewa vita hiyo bila kuelezwa.

Ila msishuke kwenye changarawe chini ya ukuta, hata mkiona pakavu na pana nafasi. Nyuma ya mashua unafuata msururu wa boti za waamuzi, waandishi na wengineo. Watu wakiona mashua zimepita wanafungua vyakula vyao, wanadhani yamekwisha. Mara mawimbi ya zile boti yanafika ukingoni, na maji yenyewe bado yanajaa. Nilimwona bwana mmoja, suti safi kabisa, anavua kiatu chake mtoni kwa mpini wa mwavuli.

Binti wa Shangani
Shikamoo baharia. Naongezea kwa kuwa nimesoma huko. Dada, mkishuka stesheni ya Hammersmith kuna barabara kubwa ya magari kati yenu na mto. Msihangaike kuivuka, kuna njia ya chini kwa chini. Mchukulie mama kiti cha kukunja, mabenchi yanawahiwa. Na fikeni kabla ya mbio za wanawake, ndizo zinazotangulia, wanaume hufuata kama saa moja baadaye. Tangu 2015 wanawake wanapiga makasia siku ile ile na umbali ule ule, kwa hiyo mama akichoka baada ya hizo atakuwa ameona mbio kamili. Furnivall pakiwa pamejaa, rudini Bishop's Park karibu na stesheni ya Putney Bridge. Hapo mtaona mwanzo tu, lakini njia ni tambarare na kuna miti. Halafu baridi! Mwezi wa nne wa kule si wa huku. Kitenge juu ya sweta hakitoshi, upepo wa mtoni unaingia mpaka kwenye meno.

Kijana wa Chuno
Sasa wakikaa katikati ya safari mshindi watamjuaje?

Binti wa Shangani
Kaka, simu ipo. Na watu mia pembeni yako watapiga kelele.

Mama wa Ligula (Mtwara)
Shikamoo mzee, na asante sana dada. Furnivall imepita. Nimemsomea mama yote, swali lake ni moja tu: je, huwa wanazama?

Baharia Mstaafu, Mikindani
Marahaba. Mwambie mwaka 1912 mashua zote mbili zilijaa maji, mbio zikarudiwa siku nyingine.

Mama wa Ligula (Mtwara)
Nimemwambia. Anasema basi tuwahi mbele.