Besi za zamani: Precision ya 1972 iliyopakwa rangi upya, JV ya 1983 au Gibson EB-0?

BesiYaMeru (Arusha)
Wakuu, habari za jioni. Miaka mitatu nimekuwa nadunduliza, sasa nina milioni tisa za kununua besi moja ya zamani, yaani gitaa la besi. Ya kupiga, si ya kutundika ukutani, lakini iwe ile yenyewe. Zimebaki tatu:

Fender Precision ya 1972, iko Marekani. Mbao yake imepakwa rangi nyeusi juu ya ile ya kiwandani, ndiyo maana bei imeshuka hadi ninapofika.

Fender Jazz Bass iliyotengenezwa Japani 1983, namba yake inaanza na JV. Muuzaji anasema haijaguswa kitu.

Gibson EB-0 ya miaka ya 60, iko Nairobi. Hii naweza kupanda basi asubuhi nikaishika kwa mkono wangu.

Moyo wangu uko kwenye Precision. Nimekulia Ngarenaro, baba alikuwa na santuri za dansi, na kilichokuwa kinanifikia kwanza, kabla ya solo na kabla ya mwimbaji, ni besi. Nishaurini.

KijanaWaPasua (Moshi)
Chukua JV mkuu, usifikirie mara mbili. Fender Japan ilianzishwa 1982 na namba za JV zilikoma 1984, kwa hiyo hazitaongezeka. Zilitengenezwa kiwanda cha FujiGen, na lengo lilikuwa kuzirudia besi za mwanzo za Fender kwa uangalifu ambao Marekani kwenyewe ulikuwa umepungua. Besi iliyopakwa rangi upya imeshapoteza karibu nusu ya thamani. Kwa nini uanze na hasara?

FundiNyuzi (Arusha)
Kijana, hasara hiyo alishaibeba aliyepaka rangi. BesiYaMeru ananunua kwa bei iliyokwisha kushuka, na rangi haipigi noti. Sauti ya Precision inatoka kwenye pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) ile iliyogawanywa vipande viwili, iliyoanza 1957, na kwenye shingo. Swali la maana kwangu ni kama vitu hivyo viwili ni vya 1972 kweli.

Usitegemee namba ya bamba la nyuma. Bamba linashikwa na skrubu nne, mtu analihamisha kwa dakika tano, na kiwandani kwenyewe hayakufungwa kwa kufuata mpangilio. Mwombe muuzaji afungue shingo apige picha mguu wake, yaani mwisho unaoingia kwenye mwili wa besi. Utaona muhuri wenye mwezi na mwaka. Tarakimu ya mwanzo isikuchanganye: wengi wanaisoma kama siku, kumbe ni alama ya aina ya shingo.

Kisha afungue plastiki ya mbele apige picha potensiomita mbili (vidhibiti vya kuzungusha), ya sauti na ya toni. Namba zikianza na 137 ni za kampuni ya CTS, na 304 ni Stackpole. Tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki, kwa hiyo 1377208 ni wiki ya nane ya 1972. Hapo unajua tu kwamba besi haikufungwa kabla ya wiki hiyo. Inaweza kuwa imefungwa baadaye sana, maana Fender walinunua shehena kubwa ya potensiomita 1966 wakaitumia hadi 1969. Mwisho tazama lehemu. Ya zamani imefifia, na ukiona inayong'aa jua kuna mkono umepita.

Akikataa kufungua, achana naye.

MzeeWaDansi (Moshi)
Vijana, mnanikumbusha mbali. Enzi zetu kupiga besi yako mwenyewe ilikuwa nadra. Vyombo vilikuwa vya bendi au vya tajiri wa bendi, ukihama unaviacha. Hapo Arusha palikuwa na bendi ya Kurugenzi, na kabla yao ndugu akina Kinyonga walitoka Tanga wakaunda Arusha Jazz mwaka 1970, mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika.

Mimi besi niliyopewa nyuzi zake zilikuwa zimekufa. Tulizichemsha kwenye sufuria, tukazianika, zikaamka kwa wiki mbili hivi, halafu tukazichemsha tena. Ndiyo maana nasema, mwanangu: unayo nafasi ya kuchagua, chagua ile ambayo mkono wako hautaki kuiweka chini.

KijanaWaPasua (Moshi)
Shikamoo mzee. Asante kwa hilo la sufuria, sikuwahi kulisikia.

MamaKwaya (Moshi)
Naongea kwa niaba ya EB-0 maana naona hakuna anayeitetea. Napiga besi kwenye kwaya mwaka wa kumi na moja na vidole vyangu ni vifupi. Uzi wa Fender una urefu wa inchi 34, wa EB-0 ni 30.5. Kwenye ibada inayochukua saa tatu nzima, inchi hizo tatu na nusu ndizo zinazoamua kama bega litauma.

Ila nikiri, pikapu yake imekaa karibu kabisa na shingo, sauti ni nene na nzito. Kwenye spika ndogo noti zinaungana, watu wanasikia mngurumo tu. Na ukienda kuiona, pitisha kidole nyuma ya shingo pale inapoanza kichwa. Kichwa cha Gibson kimelala nyuma na mbao ya mahogani pale ni nyembamba, kwa hiyo ikianguka hupasuka hapohapo. Gundi nzuri inaficha kwa macho, kidole hakidanganyiki.

WakalaNamanga
Kaka, EB-0 iko karibu lakini ndiyo yenye safari ndefu. Uliza ubao wa freti, ule wa kubonyezea nyuzi, ni mti gani. Gibson walitumia sana Dalbergia nigra wa Brazil miaka ile. Huo ni ndugu wa mpingo wetu, na tangu 1992 umo Kiambatisho cha Kwanza, kile chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Bila vibali vya pande zote mbili usiuvushe mpaka. Dalbergia nyingine zililegezewa masharti mwaka 2019 kwa ala zilizokamilika, huyu hakuguswa. Na kwa yoyote utakayoleta, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Milioni tisa zako si za besi peke yake.

BesiYaMeru (Arusha)
Wakuu, siku tisa zimepita. EB-0 nimeiacha kwa sababu ya mbao, mwenyewe hajui ni mti gani. Muuzaji wa Precision amefungua kila kitu bila kunung'unika. Muhuri wa shingo unasema 1972, na ubao wa freti ni mti wa mepo (maple), kwa hiyo CITES haituhusu. Potensiomita zote mbili ni za wiki ya tano ya mwaka huohuo. Lehemu ya pikapu imefifia. Inayong'aa ni ya tundu la waya tu.

Nimelipa jana. KijanaWaPasua, JV ni besi nzuri na hoja yako nimeilalia usiku mzima, lakini ile ingekuwa ya kwanza kuuza nikibanwa. Hii siiuzi.

FundiNyuzi, nimemwambia alegeze nyuzi kabla ya kufunga boksi. Ikifika itakuwa masika. Naiacha kwenye boksi siku ngapi kabla hujakaza chuma cha shingo?

FundiNyuzi (Arusha)
Boksi lifungue siku ya pili, besi ikae chumbani wiki nzima bila kukazwa. Nati ya chuma iko kwenye mguu wa shingo, lazima tulegeze skrubu ndipo tuifikie, kwa hiyo usiiguse peke yako. Njoo nayo Jumamosi asubuhi, na ubebe nyuzi bapa, zile zenye uso laini.