Naomba ushauri: viambishi vya nafsi katika kitenzi cha Kilimbu

Ndugu wanaisimu, salaam. Ninaandaa maelezo ya sarufi ya Kilimbu, lugha ya mashariki mwa Nepal na Sikkim, kwa wanafunzi wanaosoma isimu kwa Kiswahili. Sauti hazijanikwamisha, kwani hata kituo cha koromeo nakieleza kwa hamza, ambayo waliopita madrasa wanaifahamu.

Tatizo ni kitenzi, ambacho kama chetu hubeba mtenda na mtendwa, ila hutofautisha umoja, uwili na wingi, na tena hutenga "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na ile inayomwacha nje. Kiambishi awali ke- huonyesha nafsi ya pili, iwe inamtenda mtu wa tatu au inatendwa naye, ilhali sisi katika Kiswahili tunatenga u- ya mtenda na ku- ya mtendwa. Kisha nafsi ya kwanza ikiitenda ya pili, ke- hutoweka na kiambishi tamati -ne hushika nafasi. Nimejaribu jedwali la kiima na yambwa, likavurugika, na naamini kasoro ni ya jedwali.

Je, ke- niiite alama ya nafsi pekee, uhusika (nani anatenda na nani anatendwa) ukielezwa na viambishi tamati kama -u ya mtendwa wa nafsi ya tatu? Na je, umbo la -ne nilifundishe peke yake?