Mrejesho: vyakula vinne kwa ng'ombe wanane, Moshi
Wakuu, niliuliza jinsi ya kujaribu vyakula vinne kwa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani hapa Moshi, bila athari ya mabaki (chakula kilichotangulia kuendelea kumwathiri ng'ombe akiwa kwenye kinachofuata) kuharibu matokeo. Ahsanteni, mpangilio wa Williams (ratiba ya zamu za vyakula inayosawazisha kipi kinafuata kipi) umekaa vizuri: ABDC, BCAD, CDBA, DACB. Kila mstari ni ng'ombe mmoja, kila herufi ni chakula anachopewa katika awamu moja, kwa mfuatano. Hesabuni: kila chakula kinafuata kila kingine mara moja tu. Ule mraba (jedwali la mistari minne na awamu nne) wa kuzungusha herufi (ABCD, BCDA, CDAB, DABC) unavutia macho tu. Humo B inafuata A mara tatu, na A haifuati B kabisa.

Mistari hiyo minne inarudiwa mara mbili: kundi la waliozaa karibuni na kundi la waliozaa zamani, na ng'ombe wanapangiwa mistari kwa kura ndani ya kila kundi. Awamu ni siku 21, 14 za kuzoea na 7 za kupima maziwa asubuhi na jioni. Hizo 14 msizibane, hasa pakiwa na mashudu mengi.

Ng'ombe akiugua kiwele katikati, usimwingize mwingine kwenye mstari wake. Huyo mgeni hana chakula kilichotangulia. Acha pengo, na kwenye uchambuzi weka athari ya mabaki pamoja na ng'ombe na awamu.

Mwenye vyakula vitano ajiandae: mraba mmoja hautoshi kusawazisha kipi kinafuata kipi, inatakiwa miwili, yaani mistari 10.